Chumvi ya Saa Sita

Umeme ulikatika Salaspils usiku wa manane,
theluji imelala juu ya nyaya
kama nguo zilizosahaulika kambani.
Nilikuwa zamu peke yangu, mimi fundi vioo,
nisiyeijua kemia ila kwa harufu.

"Ukisikia kimya, nipigie,"
aliniagiza Velga Strautmane.
Hakusema kelele. Alisema kimya.
Jokofu lake lilizoea kunguruma kama paka aliyeshiba,
likifuga gramu mbili za unga mweupe
nyuzi sitini chini ya sifuri.
Nje palikuwa na nyuzi tisa tu chini ya sifuri:
kwa chumvi ile, jehanamu.
Na barafu kavu iliisha Ijumaa.

Akaja kwa miguu, koti juu ya nguo za kulalia.
Nikataka kuwasha mshumaa.
"Thubutu!" akanishika mkono.
"Kinachotoka humu kinaupenda moto kuliko unavyoupenda wewe."
Tukafanya kazi kwa tochi, mimi mshikaji.

"Haiokoki," akasema. "Basi na ife ikipimwa."

Akaunganisha mrija nilioupuliza mwenyewe mwezi wa tisa,
wenye kasoro kidogo pale kwenye kona,
na mcheduara wa kioo uliopinduliwa ndani ya maji.
Kisha tukakaa.
Kiputo.
Dakika nzima hakuna kitu.
Kiputo.

"Mle ndani," akaniambia, "kuna pande mbili.
Haidrojeni za upande wa nitrojeni zina kiu,
za upande wa boroni zimefurika.
Zikigandishwa hutazamana tu,
kama wachumba mbele ya wazazi.
Baridi ikilegea, moja ya huku na moja ya kule
hushikana mikono, hutokea mlango wa nyuma,
wala hazirudi kuaga."

Kikulacho ki nguoni mwako;
hapa mlaji ndiye nguo.

Nikamulika unga. Mweupe vile vile.
Haukulia, haukubadilika rangi, haukunuka
zaidi ya ile amonia ya kila siku.
Ungeapa kwamba haujaguswa.
Maji tu ndiyo yaliyokuwa yakishuka kiooni,
alama baada ya alama,
yakisema yale ambayo uso haukuyasema.

Rafu ya juu palikuwa na kichupa cha marehemu Tālivaldis,
mwandiko wake wa wino, mwaka 1974.
Boroni kumi na mbili zimekumbatiana zikawa tundu,
na sesiamu mbili mlangoni.
Itie motoni: itatoka ikikuuliza
mlikuwa mmefikia wapi katika mazungumzo.
Tangu nimeajiriwa sijaona mtu akikifungua.
Nani akeshe kwa ajili ya kisichoondoka?

"Saa sita," Velga akasema.
Nikatazama ukutani, saa ilikuwa nane kasorobo.
"Si ya ukutani. Ni ya umri wake.
Kila saa sita, nusu yake inakwenda."
Akavua viatu, akaweka miguu juu ya kiti cha pili,
akaanza kuandika namba
kwa kalamu aliyoipasha moto kinywani.

Tume ya Riga ilikuwa imeandika mara tatu:
robo ya uzito ni haidrojeni, ni vizuri sana,
je, itakaa ghalani muda gani?
Sikujua atawajibu nini.
Nadhani naye hakujua.

Kulipopambazuka, mililita mia saba.
Umeme ukarudi, jokofu likanguruma
likiulinda utupu wake kwa bidii zote.
Ule unga ulikuwa umevimba kidogo, basi.
Kinachobaki mwishoni, aliniambia,
kina jina refu kuliko la kwanza
na hakihitaji mlinzi.

Akasinzia kabla ya kulitaja,
kalamu imening'inia mdomoni.
Sikumwamsha.
Nikaichukua taratibu, nikageuza ukurasa,
kwani nusu ya nusu nayo ina saa sita zake.

Kiputo.
Nikaandika.